Perege wa Dada na Sayansi Yangu

Nimefundisha baiolojia kwa miaka ishirini na saba, na mada niliyoipenda kuliko zote ni moja: jinsi viumbe wanavyoingiza hewa mwilini na kuitoa. Panzi na vitundu vyake vya ubavuni, chura na ngozi yake yenye unyevu, samaki na matamvua, jani na stomata. Stomata, kwa ambaye hakupata bahati ya kukaa darasani kwangu, ni vitundu vidogo mno vya jani, macho matupu hayavioni, na humo ndimo jani linamopitishia hewa. Nilikuwa nikivichora ubaoni kwa chaki za rangi mbili, kisha narudi nyuma hatua tatu kuitazama kazi yangu. Wanafunzi wakaniita Mwalimu Stomata. Wao walidhani wananidhihaki. Mimi nilijiona nimevishwa nishani.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba niliyoyafanya kwenye bwawa la dada yangu sikuyafanya kwa kutojua. Asiyejua angekuwa na udhuru. Mimi nilikuwa na vyeti.

Dada amenizidi miaka minne. Aliishia darasa la saba, akafanya kazi kiwanda cha nguo hadi kilipofungwa, kisha akageukia ufugaji wa samaki. Bwawa lake liko nyuma ya nyumba, urefu hatua kumi na mbili, upana hatua nane, kina cha kumfikia mtu kifuani, na limetandikwa turubai zito jeusi. Ndani yake alikuwa na perege mia sita. Amewalea tangu wakiwa wadogo kama kucha, na wiki tano zaidi wangekuwa tayari kuvuliwa. Shule ya bweni iliyo jirani ilikuwa imekubali kuwachukua wote, na kama wangeipendeza, ingechukua kila msimu. Kwa mama mjane wa umri wake, asiye na kazi nyingine, hiyo ilikuwa ndiyo riziki yake yote.

Hapo ndipo alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Mpwa wangu, binti yake wa pekee, akaenda kumuuguza hospitali, naye dada akanipigia simu kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji.

"Mdogo wangu, siku kumi tu. Hata wezi wakibeba makochi, waache wabebe. Wewe niangalizie samaki."

"Dada, unamwambia nani?" nikamjibu. "Mimi ndiye ninayefundisha hayo."

Nilikuwa nimestaafu miezi mitano kabla, na tangu siku hiyo hakuna binadamu aliyeniuliza swali lolote la baiolojia. Mke wangu nyumbani alikuwa ameanza kutoka chumbani kila nilipotaja neno "kiumbe". Nikafunga mkoba wangu kwa furaha ambayo mtu mwenye dada aliye wodini hapaswi kuwa nayo.

Juu ya meza ya chakula nilikuta daftari. Dada alikuwa ameandika maagizo, mistari saba, kwa mwandiko wake wa kulala upande. Chakula asubuhi na jioni, kopo moja, lisijae. Siku ya mawingu, nusu kopo. Majani yakianguka majini, yatolewe. Na mstari wa mwisho: "Pampu isizimwe usiku hata kidogo hata kidogo." Nikatoa kalamu yangu nyekundu. Kweli kabisa, wala sitanii. Nikasahihisha herufi kubwa mbili, nikayapigia mstari yale maneno "hata kidogo" ya pili, nikaandika pembeni: "Umerudia." Halafu nikampa alama. Saba kwa kumi.

Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakuwahi kufika kwetu. Kwetu mkuu ndiye aliyevunjika, na asiyesikia alikuwa mzima wa afya, ana kalamu mkononi.

Pampu yenyewe ilikuwa ni mashine ndogo ya kusukuma hewa, imefungwa ukutani chini kabisa ya dirisha la chumba nilicholala. Mipira miwili ilitoka humo ikazama bwawani, na kule chini mapovu yakawa yanapanda. Iliunguruma usiku kucha kama mzee mwenye mafua. Usiku wa kwanza nilivumilia. Wa pili nikaweka mto juu ya kichwa. Wa tatu nikakaa kitandani na kujiambia maneno yaliyonigharimu: lazima iwepo njia ya kisayansi.

Ukweli ni kwamba nilitaka usingizi. Lakini mtu mwenye elimu hatafuti usingizi, anatafuta njia ya kisayansi.

Asubuhi nilichukua toroli nikaenda kwenye mfereji ulio ng'ambo ya barabara. Mle yamejaa magugu maji, yale yenye majani ya mviringo yanayong'aa na maua ya zambarau. Mimea hutoa oksijeni. Samaki huhitaji oksijeni. Sasa umeme wa nini? Kutwa nzima nikasomba matoroli thelathini. Nikayapanga juu ya bwawa kwa ustadi hadi likawa kama bustani, nikaacha dirisha moja tu la maji kwenye kona, ukubwa wa mlango, la kurushia chakula. Kisha nikaichomoa pampu, nikaifuta vumbi, nikaifunga kwenye gazeti na kuiweka stoo. Usiku ule nililala kama mtoto mchanga.

Jirani wa dada ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtaa mzima unamwita Cheche. Kesho yake alichungulia juu ya ukuta akiwa na miwani yake myeusi kwenye paji la uso.

"Mwalimu, shikamoo. Mbona leo sisikii ile mashine?"

"Marahaba. Imestaafu," nikamwambia, na nikamfundisha. Nilimweleza jani na mwanga wa jua, nikamchorea kwa kijiti mchangani. Cheche akatikisa kichwa kwa heshima.

"Kusoma kuzuri," akasema. "Dada angeyajua haya, si asingenunua mashine."

Mimi nikaona aibu kidogo kwa niaba ya dada.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu napiga mguu chini. Asubuhi ya pili baada ya kuzima pampu, nilitoka saa kumi na mbili nikiwa na kopo langu la chakula. Kwenye lile dirisha la maji, samaki walikuwa wamejaa. Mamia. Vichwa juu, midomo wazi, inafunguka na kufungika, inafunguka na kufungika, yote imeelekea kwangu. Siku zote za pampu sikuwahi kuona zaidi ya migongo miwili mitatu ikipita. Nikasimama pale, mstaafu ambaye mke wake humkimbia chumbani, nikatazamwa na darasa zima lililowahi kabla ya kengele.

Walikuwa wamekuja kunisalimia. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Nilisema "Hamjambo", kwa sauti, na nikawapa makopo mawili badala ya moja kwa sababu ya adabu yao.

Kesho yake walikuwa wengi zaidi. Hawakula sana, chakula kilielea na kuzama, nami nikadhani wanapenda kunitazama kuliko kula. Nikatoa simu nikawarekodi. Nikaituma picha hiyo ya video kwa kundi letu la walimu wastaafu, nikaandika chini yake: "Darasa langu jipya. Nidhamu ya hali ya juu." Katika kundi hilo wamo walimu wanne wa baiolojia, tukijumlisha ni zaidi ya miaka mia moja ya ualimu. Wote wanne walinitumia vidole gumba. Mmoja akaandika, "Ujuzi hauzeeki." Nikaituma na kwa dada pia, lakini simu yake ilikuwa imezimwa kwenye mkoba wa mpwa wangu, maana mwenyewe bado alikuwa amelewa dawa za maumivu.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mawingu tangu asubuhi hadi jioni. Daftari lilisema nusu kopo. Nikatoa mawili.

Asubuhi iliyofuata simu iliita saa moja kasoro, nikiwa navaa viatu.

"Umezima pampu?"

"Dada! Shikamoo. Nyonga inaendeleaje?"

"Nimekuuliza, umezima pampu? Nimeona hiyo video yako sasa hivi."

"Sikuizima hivi hivi, dada. Nimeweka mbadala. Kuna mimea inayoelea, magugu maji, inatoa oksijeni, halafu..."

"Yamefunika bwawa?"

"Karibu lote. Yamependeza."

 Nilisikia vikombe vikigongana wodini na mtu akikohoa. Kisha dada yangu, wa darasa la saba, aliuliza polepole, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka tu kujua:

"Hayo majani yanayoelea, yanapumulia upande gani? Juu au chini?"

Nilifungua mdomo nikajibu kama nilivyojibu maisha yangu yote, haraka. "Juu. Jani linaloelea lina stomata upande wa juu tu, kwa sababu upande wa chini..." Nikaishia hapo.

Swali hilo nimelitungia mtihani si chini ya mara kumi. Eleza kwa nini jani linaloelea majini lina stomata upande wa juu. Alama nne. Hewa yote nzuri ya magugu yangu ilikuwa inakwenda kwa upepo na kwa ndege wapitao, wala haikuingia majini. Magugu yenyewe yalikuwa yamekuwa kifuniko cha sufuria: hewa ya nje haishuki, jua halipenyi. Usiku, jani halitengenezi kitu, linapumua tu kama sisi, na mizizi yake mle chini ilikuwa inagombania na samaki kile kidogo kilichobaki. Na chakula nilichozidisha kilikuwa kinaoza, nako kuoza kunakula oksijeni. Yote hayo niliyajua. Nimewakata alama watoto wa watu kwa kuyasahau.

Samaki hawakuja kunisalimia. Walikuwa wanakufa, wakapanda kwenye ule utando mwembamba wa juu ambao bado ulikuwa na hewa, nami nikawaambia hamjambo.

"Dada," nikaanza.

"Rudisha pampu," akasema. "Halafu ingia majini. Pampu inawatunza wakiwa wazima, sasa hivi haiwatoshi. Toa majani yote, kisha uyapige maji. Yapige kwa mikono, kwa ndoo, kwa chochote. Maji yakirukaruka yanachukua hewa. Usiikate simu."

Nilimwita Cheche, naye akaruka ukuta. Tulirudisha pampu, nikatumbukia na suruali yangu ya mwalimu, ile yenye mstari wa pasi. Tukavuta magugu, tukayatupa nje mafungu kwa mafungu, na chini ya magugu ndipo nilipowaona waliokwisha kufa. Walikuwa wamegeuza matumbo meupe juu, wamefichwa na bustani yangu. Sijui walikuwa wamekaa pale tangu lini. Wengine walikuwa hai lakini wamelala ubavu, vifuniko vya matamvua vikipiga haraka haraka, mmoja akanigusa mkononi wala hakuwa na nguvu ya kukimbia. Nikalia. Simu ilikuwa ukingoni, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na dada aliisikia sauti yangu.

"Utalia baadaye," akasema. "Piga maji."

Nikapiga maji. Mzee wa miaka sitini, nimesimama katikati ya bwawa, narusha mikono kama bata aliyekatwa kichwa, natibua maji kwa miguu, nachota ndoo nainua juu ya kichwa namwaga, nachota tena. Cheche alikuwa na beseni upande wa pili. Mtaa ukaamka, vichwa vikajaa juu ya ukuta, na kule wodini nako dada hakuwa peke yake. Wagonjwa wenzake walikuwa wamesikia habari yote.

"Mwambie ainue ndoo juu zaidi!" mama mmoja alipiga kelele simuni.

"Anapumzika huyo, nasikia amenyamaza!" mwingine akasema. "Asipumzike!"

Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu pumzi ilikwisha. Nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba vifuko vya hewa vya mapafu ya mtu mmoja, ukivikunjua vyote, vinatosha kutandika sakafu ya darasa hili. Siku ile mimi nilibaki na eneo la kiti kimoja, tena kibovu. Kifua kilipanda na kushuka, mdomo umeachama juu ya maji, macho yamenitoka. Mwanamke mmoja pale ukutani akauliza kwa huruma, "Huyu naye atolewe?" Chura hupumua kwa ngozi, mimi saa ile ningekubali kupumua hata kwa visigino.

Tulikwenda hivyo hadi karibu saa tano, majirani watano wakiwa wameingia na sisi. Wale waliolala ubavu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Midomo juu ya maji ikapungua, ikawa kumi, ikawa mitatu. Hatimaye maji yakawa matupu juu, na dada akasema, "Wamekwenda chini? Huwaoni? Basi toka, ukabadilishe nguo."

Waliokufa tuliwahesabu kwenye turubai. Mia moja arobaini na watatu. Nilimwambia idadi kwa simu, sikupunguza hata mmoja, na huo ndio ujasiri pekee ninaoweza kujisifia katika mambo haya yote. Akasema, "Haya." 

Siku zilizobaki nililala kando ya ile pampu, na kila ilipokohoa niliinuka kuitazama. Niliandaa maneno ya kumwomba dada radhi. Niliyaandika, nikayasahihisha, nikayapanga kwa vipengele. Aliporudi, akiwa na magongo mawili na mpwa wangu nyuma yake amebeba mabegi, hakutaka kuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja bwawani, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akayatazama maji. Mpwa akaingia kuweka chai jikoni. Nikakohoa nianze hotuba yangu.

"Wamebaki wengi," dada akaniwahi. "Shule watachukua hawa, nimeshaongea nao. Mimi bwawa la kwanza walikufa wote."

"Bwawa la kwanza lipi?"

"Hili ni la pili, mdogo wangu. La kwanza lilikuwa pale penye banda la kuku. Miaka tisa sasa. Nilikuwa na mia nne, sina pampu, sijui kitu. Asubuhi moja nikatoka nikawakuta wote juu, midomo wazi." Akasogeza gongo lake pembeni. "Nikakupigia wewe. Nani mwingine ningempigia? Nikakuuliza, samaki akipanda juu anaachama, anakuwa na nini?"

Nilikumbuka. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, nilikumbuka vizuri sana, tena kwa miaka tisa nilikuwa naikumbuka simu ile kwa furaha. Nilikuwa ofisi ya walimu. Nikaweka daftari chini, nikaanza na matamvua: wekundu wake unatokana na nini, jinsi yalivyogawanyika nyuzi nyembamba, jinsi maji yanavyokwenda huku na damu inakwenda kule ili kisipotee kitu. Niliongea kwa sauti ili na wenzangu wafaidi. Nilipokata simu niliwaambia, dada yangu hakusoma, lakini mmeona anavyopenda kujifunza? Sikumuuliza kwa nini amepiga. Sikujua hata kama ana samaki.

"Ulisema maneno mazuri," dada akaendelea. "Nimesimama hapo hapo, wao wananitazama. Kila ukimaliza jambo nadhani sasa unakuja kwa samaki wangu. Nikangoja. Nusu saa nzima nilikungoja ufike."

"Mbona hukunikatiza?"

"Ulikuwa umefurahi."

Karatasi ya hotuba ilikuwa mfukoni, vipengele vyote vitano. Niliiacha humo humo. Nikakaa chini kwenye udongo karibu na kiti chake, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe nikamwambia, "Nisimulie, dada."

Akanisimulia asubuhi ile yote, alivyowatoa mmoja mmoja kwa ungo, alivyowazika peke yake kwa sababu aliona aibu ya majirani, na nani hatimaye alimfundisha kupiga maji. Ilichukua muda mrefu, chai ikapoa. Mara tatu katikati nilikuwa na jambo la kufafanua kitaalamu. Nikalimeza mara zote tatu.